Jezi Nyekundu ya Corbin Haupt

Kiangazi kile mji mzima wa Toledo uliamua kwamba Corbin Haupt amefufuka. Na watu wa Toledo wakishaamua jambo, usijisumbue kubishana nao. Walimzika wao wenyewe miaka miwili nyuma, alipovunjika mguu akicheza futiboli ya Kimarekani katika timu ya mbali, wakasema basi, kijana wetu kwisha habari yake. Sasa Wahunzi, timu ya nyumbani, walipomwita kambini ajaribu bahati yake, wale wale waliomzika walibeba viti vyao vya kukunja na majokofu yao madogo ya bia, wakaenda kukaa kwenye mteremko wa nyasi kando ya uwanja wa mazoezi. Wakamwangalia anavyorusha mpira. Wakatikisa vichwa kwa raha, kila mmoja akidai kwamba yeye hakuwahi kukata tamaa.

Brenna, mkewe, alikuwa akikaa pale pale mteremkoni, kofia imemfunika macho, binti yao Junie akichuma maua ya magugu miguuni pake. Alisikia kila kitu.

"Ona mkono ule," mzee mmoja alimwambia jirani yake. "Mpira unatoka kama umetumwa dukani. Unajua unakokwenda."

"Mguu je?"

"Mguu wa nini? Kwani anarusha kwa mguu?"

Ni kweli Corbin alikuwa mrushaji, na mrushaji ndiye mtu ambaye kila shambulizi huanzia mikononi mwake. Anapokea mpira, anarudi nyuma hatua chache, walinzi wake watano wanene wanajipanga mbele yake kama ukuta, na majitu ya upande wa pili yanapambana kuuvunja ukuta huo ili yamfikie na kumlaza chini. Yeye katika muda wote huo anatakiwa aangalie mbali, kule wapokeaji wake wanakokimbia, atulie, asubiri mmoja wao awe peke yake, kana kwamba hakuna mtu duniani anayeitafuta roho yake. Kazi yote iko hapo. Watu wenye mikono yenye nguvu wamejaa Marekani nzima, wengine wanauza magari.

Mazoezini warushaji huvaa jezi nyekundu. Maana yake inajulikana hata na watoto: huyu haguswi. Mkabaji akivunja ukuta na kumfikia mwenye jezi nyekundu, hupunguza mwendo, humpita pembeni, na kocha hupuliza filimbi. Timu huwalipa warushaji wake fedha nyingi mno, haiwezi kuwaacha wavunjwe na wenzao siku ya Jumanne. Ndani ya jezi ile nyekundu Corbin alikuwa mtu mpya. Alirusha mipira ya yadi hamsini ikadondoka kwenye viganja vya wapokeaji waliokuwa wakikimbia bila kugeuka. Gazeti likaandika kwamba mkono umerudi. Redioni wakapiga simu watu waliolia.

Brenna hakulia. Alikuwa anajua jambo ambalo mteremko mzima haukulijua, na lilikuwa limemkaa kooni tangu Pasaka.

Siku ile ya Pasaka walikuwa kwa wazazi wake. Watoto walikuwa wanatafuta mayai ya rangi bustanini, na Corbin alisimama katikati ya nyasi akiwarushia mpira wapwa wake. Junie, ambaye alikuwa na miaka minne na mapenzi yasiyo na breki kwa baba yake, alitoka mbio kutoka nyuma ya banda ili amkumbatie miguu. Alikuwa bado hajamfikia. Corbin alisikia zile hatua ndogo, akauvuta mpira kifuani, akajikunja, akaenda chini. Alijilaza ubavu kama mtu aliyepigwa. Ukoo mzima ulicheka, wakadhani anamchezea mtoto. Junie alimrukia mgongoni, akapiga kelele za ushindi. Brenna alikuwa amesimama karibu, amebeba sahani ya nyama ya nguruwe, na aliuona uso wa mumewe kabla hajauvalisha tabasamu. Ulikuwa mweupe. Ulikuwa uso ule ule aliouona hospitalini, usiku ule wa Novemba, baada ya mkabaji kumjia kutoka upande asiouona na mfupa kulia mpaka jukwaani.

"Nilikuwa namchezea," Corbin alimwambia baadaye garini, ingawa hakuulizwa.

"Najua," Brenna alisema.

Kuanzia hapo alikaa kimya, na si kwa sababu alikuwa mpumbavu. Alikaa kimya kwa sababu wiki moja baada ya Pasaka Wahunzi walipiga simu, na asubuhi iliyofuata Corbin aliimba bafuni. Alikuwa hajaimba bafuni tangu avunjike. Aliimba vibaya sana, kama kawaida yake, akikosea maneno, na Brenna alisimama ukumbini na nguo chafu mikononi, akasikiliza mpaka maji yalipofungwa. Nani angekwenda kugonga mlango ule?

Siku ya mapumziko ya kambi alikuja Sione Lealaiva kula chakula cha jioni. Sione alikuwa mmoja wa wale walinzi watano, Msamoa aliyeingia mlangoni ubavu ubavu, rafiki wa Corbin tangu chuoni. Wahunzi ndio waliomwajiri, na ni yeye aliyemsumbua kocha mkuu mpaka akakubali kumwita Corbin. Alikula mahindi ya kuchemsha, moja baada ya jingine, mpaka Junie akamwonea huruma na kumpa la kwake. Corbin alipokwenda kumlaza mtoto, Brenna alianza kukusanya sahani.

"Sione, niambie ukweli. Unamwonaje?"

"Shemeji, mkono ule umerudi. Nakuapia. Yule dogo Malachi ana kipaji, lakini bado anaufikiria mpira. Corbin hafikirii, anarusha tu."

"Na macho?"

Sione akashika hindi ambalo lilikuwa limekwisha, akaligeuzageuza.

"Mimi nampa mgongo, shemeji," alisema mwishowe. "Kazi yangu nikiangalia nyuma nimefukuzwa. Miaka yote hii nimemlinda, sijawahi kuyaona macho yake akirusha. Naisikia tu sauti ya watu, ndipo najua kama mpira umekwenda vizuri."

"Sijakuuliza uliyoyaona. Nimekuuliza unachodhani."

"Nadhani nataka awe sawa," Sione alisema. "Ninataka sana, mpaka sijiamini."

Corbin akarudi, akawauliza wanasengenya nini, na Sione akasema wanamsengenya mpishi kwa kuchemsha mahindi machache. Wakacheka wote. Brenna alicheka zaidi ya wote, na kicheko kile kilimchosha kuliko kuosha vyombo.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi. Wahunzi walikuwa na nafasi za warushaji wawili. Wa kwanza, Pruitt, alikuwa na mkataba wake na nafasi yake, hakuna aliyemgusa. Nafasi ya pili ilikuwa ya Corbin au ya Malachi Broome, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyetoka chuoni mwaka ule. Mechi ya mwisho ya majaribio ingeamua. Malachi angecheza kipindi cha kwanza, Corbin cha pili. Na kwenye mechi hakuna jezi nyekundu. Corbin alikuwa na miaka thelathini na mmoja, timu mbili zilishamwacha, na daktari alishasema waziwazi kwamba chuma kilichomo mguuni kinavumilia mengi, ila pigo jingine kama lile hakiwezi kuliahidi. Hii ilikuwa nafasi ya mwisho, na hakuna aliyejifanya siyo.

Ijumaa ile jioni Brenna alivaa jezi yenye namba ya mumewe, kama wake wote wanavyofanya, akaketi kwenye jukwaa la familia. Kando yake aliketi mwanamke mnene mwenye miwani, aliyevaa jezi yenye namba ya Malachi juu ya gauni lake la kanisani. Alikuwa amesafiri kutoka jimbo la Georgia na mfuko wa karanga za kuchemsha, na aliwapa karanga watu wa safu nzima kabla hajauliza jina la mtu.

"Mimi mama yake Malachi," alisema. "Na wewe mwanangu, wa nani?"

"Corbin."

Mama Broome akamtazama, akaitazama jezi, akashusha pumzi.

"Ndiye yule mzee?"

"Ana miaka thelathini na mmoja, mama."

"Ndiyo nasema, mzee. Mwanangu anamsifu huyo mpaka ananikera. Mzee kanifundisha hiki, mzee kanionyesha kile. Nikamwambia, mwanangu, huyo unayemsifu unataka kumnyang'anya ugali, unajua hilo?" Alimsogezea Brenna karanga. "Kula. Leo hatuwezi kufurahi wote wawili, lakini njaa ya nini?"

Malachi alicheza kama watoto wanavyocheza. Alifanya maajabu mawili, alifanya upuuzi mmoja, na Mama Broome alikemea shetani kwa jina kila mpira ulipotoka mkononi. Baada ya mapumziko Corbin aliingia, na uwanja mzima ukasimama. Walisimama kwa heshima, kwa ajili ya mtoto wa nyumbani. Brenna alisimama nao.

Mwanzoni ukuta ulisimama imara. Corbin alirudi nyuma, akaangalia, akarusha. Mara tatu, mara nne, zote zikashikwa. Watu waliimba jina lake. Brenna hakuufuata mpira hata mara moja. Aliitazama helmeti ya mumewe. Helmeti ikiwa juu, macho yako mbali, mambo ni shwari. Alijikuta anaomba, yeye ambaye hakuwa mtu wa kuomba sana, iendelee kuwa juu, juu, juu.

Kisha zilibaki yadi chache kufika mstari wa mwisho. Corbin alipokea mpira, akarudi nyuma. Kule pembeni mpokeaji wake alikuwa anamzunguka mkabaji. Zilihitajika pumzi mbili tu, awe peke yake kabisa. Kila mtu uwanjani aliona kinachokuja. Na upande wa kushoto mtu mmoja, mmoja tu, aliuvunja ukuta akaanza kumjia. Alikuwa bado mbali. Kulikuwa na muda wa kurusha na kubaki.

Brenna aliiona helmeti ikishuka.

Corbin aliuvuta mpira kifuani, akajikunja, akaenda chini. Alijilaza ubavu kwenye nyasi, peke yake, na mkabaji alipofika hakuwa na la kufanya ila kuweka mkono begani kwake, pole pole, kama watu wanavyofanya mazoezini. Pale pembeni mpokeaji alikuwa amesimama kwenye mstari wa mwisho, mikono wazi, hana mtu karibu.

Kisha mtu mmoja safu za juu akacheka, wengine wakafuata, si kwa ubaya, walidhani kateleza. "Viatu vyake hivyo," mtu alisema. Brenna aliketi. Mama Broome, ambaye mwanawe alikuwa ameshapata kazi dakika ile, hakupiga hata kofi moja. Aliuweka mkono wake wenye chumvi ya karanga juu ya mkono wa Brenna na kuuacha hapo mpaka mechi ilipokwisha.

Jumamosi Corbin alikwenda uwanjani asubuhi, akarudi kabla ya chakula cha mchana. Brenna alimwona kupitia dirisha la jikoni akishuka garini, mikono mitupu. Wachezaji wote hutembea na kishikwambi chenye mipango yote ya timu, hawakiachi hata chooni. Asubuhi ya kukatwa, yaani kuachwa na timu, mtu wa ofisini hukufuata kabatini kwako akakwambia kocha anakutaka, njoo na kishikwambi chako. Hahitaji kusema jingine.

"Wamekichukua," Corbin alisema.

Brenna alimkumbatia. Alinuka dawa ya kuchua na kahawa. Walisimama hivyo jikoni, na Junie akaja akajibana katikati yao kwa kuwa hakupenda kuachwa nje ya jambo lolote.

"Orcutt alikuwa mpole," Corbin alisema baada ya mtoto kurudi kwenye katuni zake. Orcutt ndiye kocha mkuu. "Hilo ndilo lililoniudhi. Angenitukana ningemwelewa. Akafunga mlango, akaniwekea video, akaisimamisha pale. Akasema, Corbin, nyasi zilikuwa kavu. Akasema nilijiangusha. Mimi. Nijiangushe kwa nini? Eti niende nikapumzike, eti mwakani nirudi niwafundishe warushaji wake wadogo." Alicheka kidogo. "Kiatu kiliteleza. Wewe ulikuwepo, Bren. Wewe unanijua. Nilijiangusha?"

Sasa hapo, mtu yeyote aliyekaa kwenye kiti chake kizuri anaweza kusema angejibu nini. Brenna alimwangalia mwanaume aliyempenda tangu akiwa na miaka kumi na tisa, amesimama jikoni kwao, amepauka, anaomba neno moja tu. Alimwonea huruma.

"Uliteleza," alisema.

Corbin akafumba macho, akaitikia kwa kichwa, na rangi ikamrudia.

Alasiri ile ile wakala wake alipiga simu. Mrushaji wa pili wa timu ya Omaha alikuwa ameumia goti usiku uliopita, na Omaha walitaka mtu mzoefu, haraka, afike Jumanne wamjaribu. Majaribio yenyewe kila mtu anayajua: unasimama uwanjani na wapokeaji wawili, hakuna wakabaji, unarusha na watu wazima wanaandika. Corbin angeweza kufanya hivyo akiwa usingizini. Wangemsaini. Na Jumapili ya pili ya msimu, au ya tatu, mrushaji wao wa kwanza angetoka kwa sababu moja au nyingine, na Corbin angeingia bila jezi nyekundu, mbele ya watu ambao hawapunguzi mwendo.

Usiku Corbin alicheza dansi na Junie sebuleni, mtoto amesimama juu ya miguu yake. Brenna alikunja mashati ya mumewe akayapanga begini. Alikuwa mke mwema, anafunga begi vizuri, kila soksi na mwenzake. Alifikiria neno alilolisema jikoni. Lilikuwa neno dogo, na lilikuwa linampandisha mumewe ndege.

Jumapili Sione alikuja kumuaga. Corbin aliwasha jiko la nyama uani, Sione akaligombania, na akashinda, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwondoa Sione mahali. Jua lilikuwa zuri. Kwenye uzio wa nyuma kulikuwa na bwawa la plastiki la Junie, limeegemezwa likauke, na Corbin alikuwa anarusha mpira akilipiga katikati kila mara, akiongea huku akirusha, bila hata kulitazama sawasawa.

"Omaha wana baridi," Sione alisema. "Utaganda makalio."

"Wewe hayo yako hayagandi, yana blanketi."

Brenna alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma. Alivua kandambili zake akaziweka pamoja, kiatu kwa kiatu, kisha akasimama.

"Sione," alisema. "Mjie."

"Nini, shemeji?"

"Mjie Corbin. Kweli kweli. Akiwa anarusha."

Corbin akaangua kicheko. Sione hakucheka. Alilitazama jiko, akageuza soseji ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

"Siwezi," alisema. "Mimi maisha yangu yote kazi yangu ni kuwazuia wasimfikie. Niombe kingine chochote."

"Haya, basi mimi," Brenna alisema, akatembea mpaka pembeni mwa ua, upande wa kushoto wa mumewe, upande ule. "Rusha. Piga bwawa. Mimi nakuja."

"Bren, una kilo hamsini na tano na huna viatu."

"Kwa hiyo huna la kuogopa."

Alikuwa bado anatabasamu alipourudisha mkono nyuma. Brenna alikimbia. Mara ya kwanza alikimbia kama mtu anayewahi simu, na Corbin alirusha, mpira ukalipiga bwawa, akamdaka mkewe kiunoni na kumzungusha. "Umeona?" alisema. "Umeridhika?"

"Hiyo haikuwa kweli. Nilikuwa nakuonea huruma. Sasa sikuonei."

Tabasamu likapungua kidogo. Alichukua mpira, akasimama, akayainua macho kwenye uzio. Brenna alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa nyumba. Kisha akaja. Alikuja na kila alichokuwa amekimeza tangu Pasaka, meno yameumana, miguu peku ikipiga ardhi. Siku hii hakukuwa na helmeti. Aliuona uso mzima. Aliyaona macho ya mumewe yakiwa mbali kule, mazuri, yametulia, kisha akayaona yakishuka kutoka kwenye uzio, yakipita juu ya nyasi, mpaka yakamkuta yeye. Mpira ukaenda kifuani. Goti likapinda. Mkewe alikuwa bado amebakiza hatua kadhaa kumfikia.

Brenna alisimama. Corbin alikuwa chini, ubavu, amejikunja.

Sione aliwapa mgongo. Alikuwa anaangalia moshi.

Corbin aliinuka, akajipangusa nyasi. "Tena," alisema. Sauti haikuwa yake.

Walifanya tena. Ikawa vile vile. "Tena." Mara hii alijilazimisha asiende chini, na mkono ukarusha bila macho, mpira ukapita juu ya uzio na kuangukia kwa jirani, wakasikia kitu cha kioo kikivunjika. Hakuna aliyekwenda kuangalia. Corbin alikaa kwenye nyasi. Brenna akakaa mbele yake, anahema, miguu yake imechafuka.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Jana nilikuuliza. Ukaniambia niliteleza."

"Ndiyo."

"Kiangazi chote umekaa pale mteremkoni. Unanipigia makofi."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Bren?"

Alitaka kusema maneno mengi. Alitaka kusema anampenda, aliogopa, alitumaini kwamba pengine siku moja macho yatabaki juu na atakuwa amekosea. Yote yalikuwa kweli.

"Ulikuwa unaimba bafuni," alisema.

Corbin akainamisha kichwa. Alilia bila kujificha, kama watu wanaoumwa, mikono yote miwili juu ya nyasi, na ule mkono wa kulia, ambao mji mzima uliusifu, ulikuwa unang'oa majani kidogo kidogo. Brenna hakumwambia anyamaze. Alilia naye. Sione alizima jiko, akaingia ndani kimya kimya, wakamsikia anafungua bomba la jikoni na kuliacha likimwagika.

"Mkono uko sawa," Corbin alisema baadaye. "Hilo ndilo linaloniua. Mkono uko sawa kuliko zamani."

"Najua."

"Nikiwaambia Omaha, wakala atasema nimechanganyikiwa. Atasema nenda tu usaini, kuogopa kutaisha." Alijipangusa pua kwa mkono wa shati. "Labda kutaisha."

"Labda," Brenna alisema. "Ukienda, nitafunga hilo begi vizuri, na nitavaa jezi yako. Lakini sitakwambia tena uliteleza."

Corbin akatoa simu mfukoni. Alizungumza na wakala kwa kifupi, ameelekea uzio, na Brenna alisikia tu upande mmoja. Hapana, hajaumia. Hapana, si fedha. "Mkono hauna neno," alisema. "Waambie si mkono." Akasikiliza. "Hapana. Basi." Akaiweka simu kwenye nyasi, kioo chini, kama sahani chafu.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Junie alikuwa ameamka usingizi wa mchana, nywele zimesimama upande mmoja, shavu lina alama za mto. Alimwona baba yake amekaa chini, na kwa Junie baba aliyekaa chini alikuwa na maana moja tu. Akashuka ngazi, akaanza kukimbia.

Corbin alimwona. Aligeuka kabisa akamwelekea, akapiga magoti, akaifungua mikono yote miwili, akamtazama usoni tangu alipokuwa mbali. Mtoto alikuja akicheka. Na alipobakiza hatua mbili, Brenna aliliona bega la mumewe likikakamaa na macho yakifumba. Junie hakuona kitu. Aliingia kifuani pale pale alipokuwa akienda, akamshika baba yake shingoni kwa nguvu zake zote.